Wakalimani wa Barua Pepe

Barua pepe hazikuwa na anwani za namna moja tu. Anwani fupi yenye alama ya @ iliwekewa kanuni mwaka 1982. Mwaka 1984 kamati ya kimataifa ya simu na telegrafu ikatoa kanuni yake, X.400, ambayo hutaja sehemu mojamoja: nchi, shirika la kupeleka barua, taasisi, kisha jina la mtu. Barua ilipovuka kutoka upande huu kwenda upande wa pili, mashine ya mpakani ilikuwa mkalimani.

Mkalimani huyo alitegemea jedwali lililokusanywa mahali pamoja, kisha kila mashine ikapewa nakala. Nakala ikipitwa na wakati, barua hukosa njia, au jibu halimrudii mwandishi.

Dawa ilitolewa mwaka 1994, ikarekebishwa 1998: majedwali yawekwe katika DNS, daftari la majina ya intaneti alilolibuni Paul Mockapetris mwaka 1983. Kila mwenye jina angeandika humo mstari ulioitwa PX. Kwa mfano, infn.it ya Italia ililinganishwa na PRMD-infn.ADMD-garr.C-it. Mwenyewe angebadili mstari wake, na wakalimani wote wangekuja kuusoma hapo hapo.

Fikirini bweni letu. Mvulana akihama kitanda, orodha ya ofisini huchelewa, lakini kiranja wa bweni anajua usiku uleule. Basi yafaa habari itunzwe na aliye karibu nayo, na wengine wajue pa kumwuliza.