Zawadi Inenayo

Mwisho wa mwaka pepo za Kaskazi huvuma pwani, na jua huwa kali. Ndipo shule zifungwapo, nanyi mlio mbali hurudi makwenu. Ni desturi njema kwamba arudiye nyumbani asirudi mikono mitupu. Basi yafaa tujifunze namna ya kuchagua zawadi katika duka la mtaani, hasa ile ipendwayo sana na akina mama, nayo ni leso, ambayo pengine huitwa kanga. Ni nguo ya pamba, nyepesi, ifaayo siku za joto.

Katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya mkononi, vyenye jina la Kireno, ndilo lililotupa neno leso. Walitwaa vitambaa sita, wakavipanga vitatu vitatu katika safu mbili, wakavishona vikawa nguo moja. Baadaye wenye maduka waliagiza nguo nzima iliyokwisha pigwa chapa. Mjini Mombasa, katika mtaa wa Biashara, duka la Kaderdina Hajee Essak lilianza mwaka 1887, na chapa yake, “Mali ya Abdulla,” yajulikana hata leo.

Leso ina sehemu tatu. Ya kwanza ni pindo, lizungukalo nguo pande zote nne. Ya pili ni mji, yaani uwanja wa katikati. Ya tatu ni jina, maneno yaliyoandikwa upande wa chini wa mji. Zamani jina liliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Siku hizi huandikwa kwa herufi za Kirumi. Leso huuzwa mbili pamoja, hazijakatwa, nazo huitwa doti.

Sasa sikilizeni habari ya kijana mmoja. Mama yake na shangazi yake waligombana juu ya mpaka wa shamba, na ndiyo kwanza wamepatana. Kijana akaingia dukani kumnunulia shangazi zawadi. Akaona doti nyekundu yenye mapambo ya korosho, ikampendeza mno, akatoa fedha zake.

Mwenye duka akamwuliza, “Mwanangu, wampelekea nani?”

“Shangazi yangu, Bwana.”

“Je, umelisoma jina?”

Kijana akaikunjua nguo, akasoma: HASIDI HANA SABABU. Akanyamaza.

Yule mzee akasema, “Shangazi yako hatauliza habari za rangi. Atauliza ni nani aliyekutuma.”

Kisha akateremsha doti nyingine, ambayo rangi zake hazikung’aa kama za ile ya kwanza, lakini jina lake lilikuwa WEMA HAUOZI. Kijana akainunua hiyo.

Mwaona jinsi ilivyo. Leso ya kwanza haikuwa mbaya, wala maneno yake si uongo. Walakini, kwa shangazi yule yangalikuwa kama mkuki, na ugomvi uliozimika ungaliwaka tena. Tena kijana hangaliweza kujitetea kwa kusema kwamba hakusoma, maana mtoto wa shule asiyesoma ana udhuru gani?

Kwa hiyo, mwendapo dukani, fanyeni hivi. Kwanza, fikirini habari za mtu atakayepewa, umri wake na hali yake. Pili, someni jina lote kabla ya kutoa fedha. Tatu, kunjueni nguo yote, mwitazame mbele ya mwanga msije mkauziwa yenye tundu. Nne, mkipewa ruhusa, lowesheni ncha kidogo na kuisugua kwa kitambaa cheupe, mwone kama rangi yatoka. Tano, patanani bei kwa adabu, na wekeni akiba ya nauli. Mkifika nyumbani, ikateni doti kwa unyofu na kupinda ncha zake, ndipo mtoe zawadi.

Leso huvaliwa mbele ya watu wengi, na wote husoma. Basi maneno usiyothubutu kumwambia mtu usoni pake, usimpelekee katika nguo.

Maswali

1. Leso ina sehemu gani tatu?
2. Wanawake wa zamani walitengenezaje leso kwa vitambaa sita?
3. Kwa nini mwenye duka alisema kwamba shangazi atauliza habari za mtumaji?
4. Andika jina la leso ambayo ungempa jirani yako, na ueleze sababu.