Historia ya Jokofu la Chanjo: Kusakinisha na Kusanidi Seva ya Vipimo vya Nyakati

Chanjo nyingi za watoto huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Chanjo ya pentavalenti na ile ya homa ya ini aina ya B huharibika zikiganda. Alama ya VVM iliyo kwenye kichupa haitoboi siri hiyo, kwa kuwa huonyesha athari za joto, si za baridi. Hivyo mtoto anaweza kuchanjwa kwa dawa inayoonekana nzima na asipate kinga ya kutosha.

Kihisi kinachopima jotoridi la jokofu kila baada ya dakika 5 hutoa vipimo 288 kwa siku. Hifadhidata ya mfululizo wa nyakati imeundwa kwa kazi hiyo: kila kipimo huhifadhiwa pamoja na wakati wake. Mfano mmojawapo ni InfluxDB, ambayo toleo lake la 2 linaelezwa hapa.

Kusakinisha. Programu huwekwa kwenye kompyuta ya Linux yenye betri ya akiba. Huduma yake ikishawashwa, ukurasa wa usanidi hufunguliwa kupitia lango namba 8086. Hapo huundwa mtumiaji mkuu, nenosiri, jina la taasisi na hifadhi ya kwanza ya data. Kila kihisi hupewa tokeni ya kuandika tu, na lango hilo halipaswi kuachwa wazi kwa intaneti nzima.

Lebo. Kila kipimo kibebe jina la kituo na namba ya jokofu. Bila lebo hizo, vipimo vya majokofu mawili vyenye wakati uleule huhesabiwa kuwa kimoja, na cha pili hufuta cha kwanza.

Saa. InfluxDB huhifadhi wakati kwa saa ya UTC, iliyo nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Mgando wa saa 8 usiku wa kuamkia Jumanne utasomeka kuwa wa saa 23:00 ya Jumatatu, na mchunguzi anaweza kukagua zamu isiyohusika. Ripoti zisanidiwe kuonyesha saa za mahali.

Kufupisha. Ili kuokoa nafasi, vipimo vya zamani hufupishwa. Kosa kubwa ni kubakiza wastani pekee. Jokofu lililokaa nyuzi 5 kwa saa 23, kisha nyuzi 2 chini ya sifuri kwa saa 1, lina wastani wa nyuzi 4.7: takwimu ya kuridhisha inayoficha mgando. Kiwango cha chini kabisa na cha juu kabisa vihifadhiwe daima.

Tahadhari. Kwa vigezo vya WHO, vifaa vya kurekodi jotoridi hutoa tahadhari ya baridi linapofika nyuzi 0.5 chini ya sifuri, au chini zaidi, kwa dakika 60. Na ya joto linapozidi nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo. Iongezwe tahadhari ya tatu: kihisi kinaponyamaza. Ukimya si dalili ya usalama.

Tahadhari ya baridi ikitokea, vichupa vitengwe, viandikwe kuwa havitumiki, na msimamizi wa chanjo ajulishwe kabla ya uamuzi wowote. Usajili wa jotoridi kwa mkono, mara mbili kwa siku, uendelee. Mzazi naye ana haki ya kuuliza jinsi jokofu la kituo linavyofuatiliwa, na mhudumu aweze kumwonyesha.