Dondoo muhimu kwa wapokeaji: Kabla wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawajashuka basi
Mabasi ya mikoani huingia Stendi ya Magufuli, Mbezi, hadi usiku. Mwanafunzi mgeni wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huenda asifike saa za kazi. Mwachieni mlinzi wa getini funguo za vyumba vichache vya dharura na namba ya mshauri wa wanafunzi.

Vyeti vya kidato cha nne na sita, fomu ya afya, malipo: vyote vihakikiwe chini ya paa moja. Foleni 4 na begi la kilo 20 ni adhabu. Wekeni viti, maji na, tafadhali, soketi. Namba ya malipo imo kwenye simu iliyoisha chaji.

Bumu (fedha ya kujikimu ya mkopo) likichelewa, semeni mapema. Aliyekuja na nauli tu hataomba. Atalala njaa kimyakimya.