SOMO LETU: NDEGE ILIYOKUJA KUSOMA DHORUBA ZA ZIWA



Sisi wa Suneka ndege si kitu kigeni, kwa maana kiwanja chetu kidogo kiko hapa hapa. Leo tunajifunza juu ya ndege za namna nyingine, zile zinazorushwa ili kuchunguza dhoruba. Jambo hili linagusa shamba lako, paa lako na ndugu yako aliyeko ziwani. Mmoja asome kwa sauti, halafu mjadiliane maswali yaliyo mwishoni.

1. RADA NI NINI?

Rada ni chombo kinachotuma mawimbi ya redio angani. Mawimbi hayo yakigonga matone ya mvua au mvua ya mawe, sehemu yake hurudi. Ni kama mtu anayeita akiwa upande huu wa bonde, sauti ikamrudia kutoka mlima wa pili. Muda wa kurudi huonyesha mvua iko umbali gani. Nguvu ya mwangwi huonyesha kama ni manyunyu au mvua kubwa. Rada nyingine huweza hata kupima mwendo wa upepo ndani ya mvua.

Lakini rada ya nchi kavu haioni mbali sana baharini. Kwa sababu hiyo, tangu miaka ya 1970, Marekani imekuwa ikirusha ndege mbili za aina ya P-3 moja kwa moja ndani ya vimbunga. Rada iliyo mkiani hukata kimbunga vipande vipande, kama mtu anayekata mkate, na wataalamu huona kila kipande kutoka juu hadi chini.

Upande wetu wa Bahari ya Hindi, vimbunga hufuatiliwa zaidi kwa setilaiti. Kenya iko kwenye ikweta, na vimbunga vya bahari ni nadra kufika karibu na ikweta, kwa kuwa hapo nguvu inayotokana na mzunguko wa dunia haitoshi kuvizungusha. Hata hivyo tusijisahau. Mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania.

2. DHORUBA ZETU HUANZIA WAPI?

Sisi wa Gusii bahari yetu ni Ziwa Victoria. Lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu 3,000 hadi 5,000 hufa humo kila mwaka, wengi wao kwa sababu ya upepo mkali na mawimbi.

Mwezi wa Januari 2019 ndege ya utafiti kutoka Uingereza ilirushwa juu ya ziwa hili, ikiwa na kituo chake Entebbe, Uganda. Ilipima joto, unyevu na upepo. Kazi hiyo ilikwenda pamoja na mradi wa HIGHWAY, ulioongozwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ambao ulitumia pia rada ya Mwanza, Tanzania. Lengo lilikuwa kuboresha maonyo kwa wavuvi na wakulima.

Ndege kuja kwa ajili ya mawingu haikuwa mara ya kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1960, kule Kericho, ndege zilimwaga dawa mawinguni ili kupunguza mvua ya mawe iliyokuwa ikiharibu majani chai. Wataalamu walibishana kama ilisaidia kweli. Zile zilikuja kupigana na wingu. Hii ya 2019 ilikuja kulisoma.

3. DHORUBA INA SAA YAKE

Mchana jua huchoma nchi kavu haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda, na upepo wa ziwani huja kujaza nafasi. Upepo huo wenye unyevu hupanda milima yetu na kukutana na ule unaotoka mashariki. Basi mawingu hurundikana, na alasiri tunapata ngurumo, radi na mvua ya mawe.

Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, upepo hushuka kutoka milimani kwenda ziwani, ukakutana na ule wa pande nyingine. Ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwani hutokea usiku na alfajiri, saa zile zile ambazo mvuvi yuko na taa yake akitafuta omena.

Hapa tuseme wazi. Radi haina mwenyewe. Haitumwi na jirani wala na mama mzee anayeishi peke yake. Katika Gusii yetu watu wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na damu hiyo inatulilia. Radi ikipiga boma, tuwafariji waliofiwa. Tusitafute wa kulaumiwa.

4. KIKUNDI KIFANYE NINI?

(a) Msimu wa mvua, kazi za mbali na nyumbani zimalizwe asubuhi. Mahindi na wimbi vilivyoanikwa vianuliwe mapema.

(b) Ukisikia ngurumo, radi inaweza kukufikia hata kama mvua haijaanza. Ingia katika nyumba yenye kuta. Usijikinge chini ya mti, wala usishike ua wa waya. Kibanda kilicho wazi cha kupimia majani chai si kinga. Kaeni ndani mpaka dakika 30 zipite baada ya ngurumo ya mwisho.

(c) Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Mguse, msaidie kupumua kama unajua namna, na apelekwe hospitali upesi.

(d) Chagueni mwanachama mmoja wa kufuatilia taarifa za Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, kwa redio au simu, na kuzitangaza kikundini na baada ya Misa. Taarifa isiyomfikia mama aliye shambani ni kama haikutolewa.

(e) Mwenye ndugu mvuvi ampigie simu jioni akisikia onyo. Samaki watapatikana kesho.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chetu, mvua ya mawe huja saa ngapi hasa? Wazee wanasemaje?

2. Ni nani hapa kwetu ambaye onyo haliwezi kumfikia? Tutamfikishiaje?

3. Radi ikipiga, ni maneno gani husemwa? Tufanye nini ili asiye na hatia asiumizwe?

Andikeni majibu katika kitabu cha kikundi, mje nayo kwenye mkutano wa parokia. Mungu awabariki.