Nalipenda jiko langu la makaa ya mawe, mke wangu haliamini

*Shikamoo Bibi. Mimi ni Mtanzania, kwetu Makete. Naishi Scranton, Pennsylvania, na mke wangu na watoto wawili. Nyumba tuliyonunua tuliikuta na jiko la makaa ya mawe sebuleni, na tangu tuhamie ndilo linalotupa joto. Sijawahi kupenda kitu cha nyumbani namna hii. Naamka kabla ya wote kuliamsha, na jioni nakaa mbele yake hadi usingizi unikute. Lakini mke wangu hapati usingizi. Binamu yake huko Arusha alifariki kwa kulala na jiko la mkaa chumbani. Usiku anafungua dirisha la watoto ghorofani na kuwawashia hita ya umeme. Mwezi uliopita king'ora cha hewa ya sumu kililia usiku wa manane, watoto wakaamka wanalia, nikatoa betri. Tangu siku hiyo haongei nami vizuri na anataka jiko litolewe. Nifanye nini? – R.M.*

Marahaba, mwanangu R.M. Barua yako nimeisoma taratibu. Naona baba anayependa watu wake na anayependa moto wake, na hilo ni jema. Kuna jambo moja tu umeliandika kwa mstari mmoja ukalipita haraka. Nitalifikia.

Raha yako naielewa

Aliyekulia Makete hafundishwi thamani ya moto. Kule Juni na Julai umande unaganda majanini, na nyumba isiyo na moto haikaliki. Sasa riziki imekupeleka kwenye mji uliojengwa juu ya makaa. Ardhi ya Scranton na Wilkes-Barre ndiyo yenye antrasaiti, makaa magumu, mazito, yanayong'aa, ambayo karibu yote ni kaboni tupu. Zamani watu walidhani ni mawe yasiyofaa kuwashwa majumbani, hadi mwaka 1808 Jesse Fell wa Wilkes-Barre alipoyawasha kwenye wavu wa chuma uliopitisha hewa kutoka chini. Jiko lako linaishi kwa siri hiyohiyo.

Najua asubuhi yako inavyokwenda. Unafungua tundu la hewa la chini, unasubiri moto uliolala uamke na kuwa mwekundu. Unatikisa wavu kwa mitikiso mifupi mifupi, majivu yanashuka kwenye trei, na kaa la kwanza jekundu likidondoka unaacha palepale, maana ukizidisha moto wote unaporomoka. Unamimina makaa mapya, yanaanza kupasuka pasuka kwa unyevu, kimya, kisha miali ya buluu inachomoza juu yake na kucheza. Ukipunguza hewa, nyumba ina joto mpaka jioni bila mtu kuligusa. Joto lile linaingia mpaka kwenye mifupa, na mtu aliyelitengeneza kwa mikono yake hulala akijua amewalinda watu wake. Mtu asikwambie hiyo ni raha ya kitoto.

Hofu ya mkeo ina kaburi

Lakini mwenzio alimzika ndugu. Hofu yake haikutoka hewani, na maneno matupu ya "usijali" hayataiondoa.

Mweleze tofauti kwa heshima, maana tofauti ipo. Jiko la mkaa la kwetu Tanzania halina bomba. Kila hewa inayotoka kwenye mkaa inabaki humo chumbani, na ikiwa mlango na dirisha vimefungwa, waliolala ndio wanaoivuta. Jiko lako lina mlango unaofungwa na bomba linalotoa hewa juu ya paa. Likiwa zima, hewa ile haikai nanyi.

Ila na wewe usijidanganye. Hewa yenyewe ni ileile, kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Makaa yako hayatoi moshi mzito wa kuwasha macho, kwa hiyo hata ile dalili tuliyoizoea jikoni kwetu, ya mtu kukohoa na kukimbilia nje, hutaiona. Kinachowatenga na mauti ni bomba lile, na bomba linaweza kuziba. Antrasaiti haiachi lami bombani kama kuni. Huacha majivu mepesi yanayotulia kwenye sehemu zilizolala na kwenye kona, yakijaa kidogo kidogo. Tena siku za joto joto, mwanzo na mwisho wa majira ya baridi, bomba huvuta kwa unyonge, na hewa inaweza kurudi ndani.

Mkeo naye ana la kujua. Dirisha la ghorofani analolifungua ili kuwaokoa watoto linaweza kuwadhuru. Hewa ya moto hupanda na kutokea pale juu, na nyumba inaanza kushindana na bomba kuvuta hewa. Feni kubwa ya jikoni na mashine ya kukausha nguo nazo hufanya hivyo. Kama jiko linahitaji hewa zaidi, lipewe pale chini lilipo.

Ile betri

Sasa nitasema nawe bila kuzunguka. Kutoa betri lilikuwa kosa kubwa, na usilifanye tena maadamu moto unawaka chini ya paa lenu.

Hujaniambia king'ora kililiaje. Huko Marekani, mlio mmoja mfupi unaojirudia kila baada ya muda kwa kawaida ni betri inayoisha au king'ora kilichozeeka. Milio minne mfululizo, kimya kidogo, halafu minne tena, ni hewa ya sumu imo ndani. Ukisikia hiyo, unawabeba watoto, mnatoka nje hata kama theluji imefika magotini, na mnapiga 911 mkiwa nje. Je, asubuhi ile kuna aliyeamka na kichwa kinauma, kizunguzungu au kichefuchefu, akapata nafuu alipotoka? Muulize mkeo, maana huenda yeye alikiona wewe usichokiona.

Fikiria pia alichokiona usiku ule. Mtu aliyefiwa kwa hewa isiyoonekana alikutazama ukikinyamazisha kitu pekee ndani ya nyumba kinachoweza kuiona. Ulitaka watoto walale, naamini. Yeye aliona mume amechagua jiko. Ugomvi wenu uko hapo, mwanangu, na hata ukiling'arisha jiko kila siku hautaisha mpaka ulikiri hilo mbele yake.

Njia zilizo mbele yako

Kuendelea kama mlivyo leo siihesabu kuwa njia. Usiku huu usiwashe jiko. Tumieni joto jingine mlilonalo mpaka bomba likaguliwe, maana hatujui king'ora kililia kwa sababu gani.

Unaweza kulitoa. Hiyo si aibu. Makaa yana gharama nyingine pia: tani moja ikiungua hutoa zaidi ya tani mbili za kaboni dioksaidi, na majivu yake si ya kumwagia mchicha. Mtu anayeacha makaa kwa sababu hizo ana haki yake.

Au unaweza kubaki nalo kwa masharti, na kwa jinsi unavyoandika naona ndiko moyo wako uliko. Basi masharti ni haya. Ving'ora vipya, kila ghorofa na karibu na kila chumba cha kulala, na tarehe ya mwisho ya matumizi isomwe, maana navyo huisha muda. Fundi wa mabomba ya moshi aje akague na kusafisha lote, kisha kila mwaka. Unapoongeza makaa, usiufunike moto wote. Acha pembe moja ya makaa mekundu ionekane, ili hewa inayotoka kwenye makaa mapya iwake polepole. Ukiufunika wote, hewa hujikusanya na kulipuka ghafla, mlango unafunguka na sumu inamwagika sebuleni. Majivu yatoke kwa ndoo ya chuma yenye kifuniko, ikae nje mbali na nyumba, maana kaa moja hujificha humo siku kadhaa likiwa hai. Na moto ukizimwa kwa ajili ya kiangazi, safisha jiko na bomba wiki ileile. Salfa iliyo kwenye majivu ikikutana na unyevu hula chuma, na mwaka unaofuata unawasha moto kwenye bomba lenye matundu.

Watafute wazee wa mtaa wako. Wengi ni watoto na wajukuu wa wachimbaji, na wanakumbuka tarehe 22 Januari 1959, mto Susquehanna ulipovunja paa la mgodi wa Knox ukaua watu 12. Watu wa namna hiyo hawachezei makaa. Watakufundisha zaidi yangu.

Kwa mkeo

Mwombe radhi kwa betri, peke yake, bila "lakini" nyuma yake. Siku ya fundi, mama watoto awepo. Aulize yeye, ajibiwe yeye, aone kinachotolewa bombani. Kisha mfundishe jiko kama unavyolijua, tundu la hewa, wavu, hata kulizima, asije akabaki na moto asioujua siku upo kazini zamu ya usiku.

Halafu mpe muda mliokubaliana, tuseme mpaka theluji iishe. Ikiwa baada ya hayo yote bado anakesha akisikiliza pumzi za watoto, liuze, mwanangu, na ufanye hivyo bila kumnunia.