Paka mchanga akipiga chafya, usimpe dawa ya mtoto

Umeleta paka mchanga nyumbani ili awafukuze panya, na siku chache baadaye anaanza kupiga chafya mfululizo. Huku Kericho na Bomet, kwenye mashamba ya majani chai yaliyo yapata mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, wengi husema ni baridi tu. Ni kweli kwamba baridi humdhoofisha na moshi wa kuni humwasha pua. Hata hivyo, mara nyingi chanzo huwa ni virusi vya mafua ya paka.

Virusi hivyo ni vya aina mbili kuu: hapesi ya paka na kalisi. Huambukizwa na mama yake ama paka wenzake, na kwa kawaida dalili huonekana baada ya siku 2 hadi 10. Hapesi haitoki mwilini. Hujificha, kisha huibuka mnyama anapopata wasiwasi, kama vile anapohamia nyumba ngeni.

Je, watoto wako wataambukizwa? La. Virusi hivi havimpati binadamu. Lakini ikiwa una paka wengine, mtenge mgonjwa, na unawe mikono baada ya kumshika.

Hatari kubwa ni kumpa dawa ya mafua iliyobaki ya mtoto. Parasetamoli, ambayo humfaa mtoto ikipimwa sawasawa, ni sumu kwa paka. Ini lake haliwezi kuivunjavunja inavyopasa, damu hushindwa kubeba oksijeni, ufizi hugeuka rangi ya kahawia, na anaweza kufa. Hata kipande cha tembe ni kingi mno.

Badala yake, mweke mahali penye joto, mbali na moshi. Mfute pua na macho kwa kitambaa safi kilicholowa maji vuguvugu. Paka hula kwa kunusa, hivyo pua ikiziba hukataa chakula. Mpashie moto kidogo chakula chenye harufu, kama vile omena.

Akiendelea kula na kucheza, chafya huweza kuisha baada ya wiki moja au mbili. Lakini akikosa kula siku nzima, akitokwa na usaha machoni, akiwa na kamasi ya kijani ama akihema kwa mdomo wazi, mpeleke kwa daktari wa mifugo bila kuchelewa.

Akipona, achanjwe dhidi ya mafua na, afikishapo miezi 3, dhidi ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo, tofauti na mafua yake, humwambukiza na binadamu.