Al-Jabr: Mali, Mizizi Yake, na Mas-ala Yasiyo na Jawabu

Kijana mmoja wa darsa letu aliniletea daftari lake la skuli akiwa amekata tamaa. Alikuwa amepewa hisabu ya al-jabr, akaihangaikia usiku kucha asipate kitu. Mzee aliyeketi karibu nasi akamwambia: "Achana nayo, mwanangu. Hiyo ni elimu ya Kizungu, haituhusu." Nami nilipoitazama nikaona kwamba kijana hakukosea popote: hisabu ile ilikuwa haina jawabu, na kulijua hilo ndilo lililokuwa likitakiwa. Basi kuna makosa mawili ya kubainishwa hapa, la mzee na la kijana.

Amma kosa la mzee, jina lenyewe la elimu hii lamrudi. Kitabu chake kiliandikwa Baghdad na Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, zama za Khalifa al-Ma'mun aliyetawala tangu mwaka 813 hata 833. Hatusemi kwamba hisabu za namna hii hazikujulikana kabla yake, kwani Wababeli walizifanya zamani sana; lakini yeye ndiye aliyezipanga zikawa elimu yenye milango na hoja. Al-jabr ni kuunga, kama aungwavyo mfupa uliovunjika: kilichopungua upande mmoja hutimizwa, na upande wa pili ukaongezwa kadiri ile ile. Al-muqabala ni kukabilisha vitu vya jinsi moja vilivyo pande mbili, vikapunguzana. Na haja alizoziandikia ni mirathi, wasia, kugawana, biashara na kupima ardhi. Mwaka 1145 Robert wa Chester alikifasiri kwa Kilatini huko Hispania, na jina la al-jabr likaenea Ulaya. Vipi basi tuwe wageni katika nyumba ya wazee wetu?

Sasa tuingie katika somo. Kitu tusichokijua al-Khwarizmi alikiita *jidhr*, yaani mzizi. Na mzizi ukizidishwa kwa nafsi yake alikiita *mal*, neno lile lile tusemalo "mali". Mlinganyo wenye mali ndani yake ndio uitwao mlinganyo wa mraba.

Mfano wake mashuhuri ni huu: mali na mizizi 10 ni sawa na 39. Skulini huandikwa x² + 10x = 39. Chora mraba ambao kila upande wake ni mzizi. Hiyo ndiyo mali. Igawe ile mizizi 10 nusu kwa nusu, ubandike ukanda wenye upana wa 5 juu, na mwingine kama huo ubavuni. Vyote hivyo pamoja ni 39. Utaona pembe moja imebaki wazi, nayo ni 5 mara 5, yaani 25. Izibe pembe hiyo, upate mraba mkubwa wa 64, ambao upande wake ni 8. Toa 5, hubaki 3. Huo ndio mzizi, na mali yake ni 9. Hisabu ya leo hukubali pia mzizi wa pili, hasi 13. Lakini al-Khwarizmi aliuacha, kwani alitafuta kiasi chenye kupimika.

Ama kosa la kijana lilikuwa ni kuutafuta mzizi kabla ya kuuliza kama upo. Tuchukue mambo ya viwanja, ambayo wengi wetu tumeumia kwayo. Dalali akwambia: "Kiwanja hiki ni cha pembe nne sawasawa, kukizunguka ni pima 20, na eneo lake ni pima 21 za mraba." Basi urefu na upana pamoja ni 10. Ukiufanya upande mmoja kuwa mzizi, itakuwa mali na 21 ni sawa na mizizi 10. Chukua nusu ya 10, ni 5. Mraba wake ni 25. Toa 21, hubaki 4, na mzizi wa 4 ni 2. Ukiutoa katika 5 wapata 3, ukiuongeza wapata 7. Mizizi ni miwili, na dalali amesema kweli.

Akisema eneo ni 25, hakibaki kitu cha kutoa wala kuongeza. Mzizi ni mmoja tu, 5, na kiwanja ni mraba kamili.

Akisema eneo ni 22, hubaki 3, na mzizi wa 3 hauishi kwa tarakimu. Wanavyuoni waliuita *asamm*, yaani kiziwi. Pande zipo, lakini hazitamkiki kwa hisabu kamili.

Na akisema eneo ni 30? Hapo 25 haitoshi kutolewa 30. Al-Khwarizmi alisema mas-ala ya namna hii ni mustahili. Na sababu yake i wazi: ukiuzidisha upande mmoja juu ya 5, wa pili utapungua kadiri hiyo hiyo. 6 mara 4 ni 24; 7 mara 3 ni 21; 8 mara 2 ni 16. Kwa hivyo kiwanja hicho hakipiti 25 kamwe. Kiwanja cha 30 hakipo duniani, na mwenye kukilipia amenunua maneno.

Mizani hii ndiyo isomeshwayo skulini kwa herufi, b² − 4ac. Ikizidi sifuri, mizizi ni miwili. Ikiwa sifuri, ni mmoja. Ikipungua sifuri, hakuna. Ni kweli kwamba Cardano wa Italia, mwaka 1545, alijaribu kuigawa 10 mafungu mawili ambayo yakizidishana ni 40, akaandika mizizi ya nambari hasi. Na leo wahandisi wa umeme huitumia mizizi hiyo. Lakini hakuna kamba ya kupimia kiwanja chake.

Msomaji ajaribu mwenyewe: kiwanja cha kuzunguka pima 24, eneo 35, kisha cha kuzunguka hizo hizo 24, eneo 40. Apime kwanza, ndipo atafute. Na akiona hakuna mzizi, aseme hakuna, wala asione haya.

Wa billahi ttawfiq.